Bundi, Slipa na Mzee wa Bucha

Mtaa wetu mzima wa Majimbo, hapa Embu, tulimwita Mzee wa Bucha. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika hapa, kwa sababu siku akigundua nimemwandika atayasoma haya yote kwa sauti mbele ya wateja, na mimi nitalazimika kuhamia Mitunguu kwa shangazi nikapalilie ndizi.

Sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Plot yetu ya nyumba za kupanga iko kando ya ua wa bustani ya mji, na bucha iko ng'ambo ya barabara, lakini hata ukiwa umelala ulijua nani amenunua nini. "Maini ya Mama Mukami haya hapa! Daktari amesema damu yake imepungua, mpisheni!" Hakuna siri ya tumbo iliyodumu Majimbo. Sasa mtu kama huyo, mwenye koo kama mashine ya posho mill, Mungu akampa penzi moja tu nje ya nyama: kupiga picha ndege.

Mimi ni mtu wa aibu, tena si ile ya kuringa. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, linayeyuka mdomoni. Mama alikuwa akinituma bucha makusudi, "ukajifunze kuongea na watu." Hakujua kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo sikuhitaji kuongea. Zamu yangu ikifika, Mzee ananichungulia usoni kama daktari wa macho, kisha anatangaza: "Nusu kilo. Ya kuchemsha. Kwenu kuna wageni? Hakuna. Basi nusu." Mimi naitikia kwa kichwa. Siku moja nilikuwa nimetumwa matumbo, akakisia mbavu, nikashindwa kumkatalia. Mama alinirudisha na mbavu zangu. Nilisimama nyuma ya bucha nikizishika kama mtoto wa kuokotwa, hadi alipotoka kumwaga maji akaniona.

"Nilikosea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe unanyamaza vizuri sana, binti," akasema. "Hicho ni kipaji. Siku Mungu anakigawa mimi nilikuwa naongea."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Wazee wake walikuwa watu wa mji, Waislamu waliochanganyika damu za huku na huku, na nyumbani kwao hawakuwa na lugha nyingine ya kukimbilia. Sisi wengine tunaongea Kiembu au Kimbeere mpaka mlangoni, kisha Kiswahili tunakivaa kama viatu vya kwenda nje. Insha zangu nilizopata alama nzuri zina maneno yake mengi, na mwalimu hajui kwamba yalitoka katikati ya matumbo.

Kamera aliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyeacha kazi hiyo akaingia kwenye kilimo cha muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Ilikuwa na lenzi ndefu kama chupa ya chai, naye aliibeba ndani ya mfuko wa unga. Alikuwa akienda bustanini baada ya swala ya alasiri akiwa na gamubuti zake na koti lake jeupe la kazi, lile lenye ramani za damu. Mimi naamini ndege walikuwa wanalisoma hilo koti. Chozi, njiwa, kigogota, wote walikuwa wakimwona akiingia langoni wanaondoka. Mwewe peke yao ndio waliofurahi. Walikuwa wakimzunguka juu ya kichwa kwa sababu ya harufu ya nyama, naye akiwafukuza kwa kofia. Ndege aliowataka walimkimbia, na asiowataka walimfuata hadi kwenye mizani.

Kwa hiyo picha zake zote zilikuwa za mikia. Mikia na matawi matupu. Alizibandika ukutani mwa bucha, na ukikosea ukainua macho, anakueleza.

"Hilo tawi, hapo alikuwa kigogota. Na hilo, alikuwa hondohondo. Mkubwa! Alikuwa hapo kabisa."

"Mzee," kijana mmoja wa bodaboda alimwambia, "mimi leo nipimie nyama iliyopo. Usije ukaniambia ilikuwa hapo."

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akampunguzia mafuta.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Hakuuza kuku. Ukimuuliza anasema kuku ni ndege, na yeye na ndege wana maelewano. Lakini kwenye harusi nilimwona kwa macho yangu akila paja, akiwa amefumba macho ili paja lisimtambue. Alipenda kusema kwamba mtazama ndege lazima awe na subira ya jiwe, na alikuwa hawezi kungoja chai ipoe. Alichinja mafahali, lakini bustanini alipitia lango la mbali, kwa sababu kwenye lango la karibu palikuwa na kijibwa cha mlinzi ambacho hata mimi nilikibeba. Na kwake yeye kila ndege alikuwa nadra. Aliwahi kufunga bucha kwa ajili ya kunguru, eti anatembea tofauti.

Kisha akaja bundi.

Alishukia kwenye saipresi iliyo ndani ya bustani, ile iliyoinamia ua wa plot yetu. Wa kwanza kumsikia alikuwa Mama Mukami, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Ilikuwa karibu kupambazuka. Kwetu huku bundi akilia karibu na nyumba amekuja kumchukua mtu, na dawa yake inajulikana: unamrushia kijinga cha moto aende akalie kwingine. Mama Mukami alitoka na leso kutafuta kijinga. Lakini plot yetu wote tunapika kwa gesi. Alizunguka akigonga milango, "Nani ana moto? Jameni, nani ana moto?" Mtu akamletea kiberiti. Mwishowe alivua slipa ya mguu wa kulia akairusha kwa nguvu zake zote. Slipa ikapanda, ikanasa kwenye tawi, ikakaa. Bundi naye akakaa. Kulipokucha wote wawili walikuwa bado juu kule kama majirani.

Mzee wa Bucha aliposikia, aliacha nyama ya mtu ikibembea kwenye mizani. Alirudi anatweta.

"Ana masikio!" akaniambia, nami nilikuwa nimekuja tu kununua nusu kilo. "Marefu, yamesimama karibu karibu katikati ya kichwa, kama sungura aliyekasirika. Binti, huyu ni bundi wa mlimani. Huyu hukaa misitu ya juu kabisa ya Mlima Kenya. Watu hupanda na mahema kumtafuta, wanarudi na mafua. Na amekuja Majimbo!"

Sikumwamini, kwa sababu ya kunguru. Wenzake hawakumwamini pia. Alikuwa kwenye kikundi cha simuni cha watu wanaotazama ndege, na watu hao walikuwa wamechoka na matawi. Katika picha ya kwanza aliyowatumia, bundi alikuwa ameshageuka nyuma ya shina, ikatoka slipa peke yake. Mmoja akamjibu: "Huyo namjua, hata mimi ninao wawili chini ya kitanda." Mwingine akamwandikia kwa heshima kwamba kama kweli ni bundi wa mlimani, atume sura: macho na masikio. Basi. Tangu siku hiyo Mzee wa Bucha alikuwa anataka kitu kimoja duniani, sura ya yule bundi, na kitu hicho nusura kimfungie bucha.

Ilianza na matumbo. Aliyatundika kwenye ua wa bustani akidhani bundi atashuka. Bundi hakushuka. Walishuka paka wote wa mtaa, na Mama Mukami akatoka kuona paka wanapigania nini, akamkuta Mzee ameshika kipande kingine mkononi, anaita juu ya mti kwa sauti ya kubembeleza. Jioni hiyo habari ilikuwa imefika sokoni. Mzee wa Bucha anafuga bundi. Anamlisha. Na kama bundi anakula pale, sisi tunaokula pale ni nani?

Hakuna aliyegombana naye. Watu walianza tu kupenda mboga. Mama yangu akaanza kunituma bucha ya kule stendi "kwa sababu ni karibu," na si karibu. Nilikuwa nikipita mbele ya Mzee na nyama ya mtu mwingine kwenye begi la shule, naye ananipungia kisu, na begi linakuwa zito kama nimebeba ng'ombe mzima. Nyama yake ilining'inia mpaka ikabadilika rangi. Kilichonitisha zaidi ni sauti. Asubuhi nilikuwa naamka sisikii maini ya mtu yeyote.

Mkewe, ambaye alikuwa akikaanga sambusa mlangoni mwa bucha, alimwambia wazi nikiwa nimesimama hapo. "Chagua. Bundi au bucha. Watoto hawali picha."

"Nikipata sura moja tu, naacha."

"Na usipoipata?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mizani iliyokuwa safi.

Wakati huo Cucu wangu, nyanya yangu wa Kiambere, alikuwa kwetu akitibiwa mguu. Na yeye alimsikia bundi, akapiga hesabu haraka: kwenye plot nzima ndiye aliyekula chumvi nyingi.

"Ni mimi," akasema asubuhi kwa Kimbeere, akichovya mkate kwenye chai, bila wasiwasi wowote. Kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameanza kugawa mali. Redio nikapewa mimi. Leso yake nzuri akapewa mama, aliyekuwa akilia na kuikunja kwa wakati mmoja. Akapiga simu Kiambere, mbuzi wake akapewa jirani aliyekuwa akimchungia. Kisha akaoga, akavaa gauni la kanisani, akalala chali, akangoja.

Alingoja sana. Mguu ukapona akingoja. Hamu ya kula ikamrudia. Akaanza kuniomba redio "kidogo tu, nisikie habari," na habari zikawa zinaisha jioni. Mwishowe akapiga simu Kiambere arudishiwe mbuzi wake, akaambiwa mbuzi amezaa: mama atarudi, mtoto atabaki kwa mchungaji, ndiyo haki.

"Haki gani?" Cucu akapiga kelele. "Kwani kosa langu ni nini? Kutokufa?"

Alikata simu akaniita. "Nenda kwa yule mtu wa nyama anayejuana na huyu ndege. Macho yangu hayafiki juu ya mti. Mwambie aniletee sura yake. Siwezi kulala hapa na gauni la kanisa nikingoja kuchukuliwa na mtu ambaye simjui uso."

Nilibeba ujumbe huo kuvuka barabara kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Bucha ilikuwa tupu. Mzee aliniona, akaanza kukisia, "Nusu ki..." akakumbuka kwamba siku hizi sinunui kwake, akanyamaza. Ilibidi niseme mwenyewe.

"Cucu anataka picha ya bundi."

Aliweka kisu chini polepole. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwagiza picha.

"Anataka kuiona?"

"Sura," nikasema.

Alifunga bucha mchana mweupe. Hata koti hakuvua.

Jua lilikuwa limeinama, linaingia saipresi kwa ubavu. Bundi alikuwa amejibana kwenye shina, rangi yake na ya gome ni moja, na kama si slipa ya bluu iliyokuwa hatua moja chini yake nisingemwona. Mzee aliinua kamera. Kisha akaanza kuninong'oneza, na mnong'ono wake ni kama watu wengine wakihutubia.

"Sasa binti, hapa ndipo panahitaji utulivu. Watu hawajui utulivu. Mimi nimejifunza utulivu miaka mingi, maana ndege ukimletea kelele..."

Bundi akafungua bawa moja. Niliiona picha nyingine ya tawi inakuja. Nikaiona bucha ina kufuli, na Cucu amelala chali na gauni la kanisa mpaka Krismasi.

"Mzee, nyamaza!"

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka kubwa, tena kwa mtu mzima. Masikio yangu yakawaka moto. Mzee alifunga mdomo kama mtu aliyemeza nzi. Mimi nikaweka kidole kwenye midomo yangu, ili nisiongeze lingine.

Na kukawa kimya. Bundi akalikunja bawa. Akageuza kichwa taratibu, masikio yakiwa wima, akafungua jicho moja, kisha la pili, akatuangalia kama mwalimu wa zamu anavyoangalia waliochelewa. Kamera ikalia.

Mzee alitembea kutoka bustanini mpaka bucha bila neno hata moja, tena akapita lango la karibu, na kijibwa kikambwekea bila kumshtua. Watu walitoka milangoni kumtazama. Fundi wa viatu akanivuta pembeni. "Amefiwa na nani?"

Picha ilisafishwa studio, kubwa kama kalenda. Cucu hakukubali iletwe nyumbani. Alisema yeye ndiye aliyeitwa, yeye ndiye atakayekwenda. Akavuka barabara na fimbo yake, mama na mimi nyuma. Mama Mukami na wenzake walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha mboga cha pale mkabala, wakichagua nyanya ambazo hawakununua.

Cucu aliishika picha akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha puani.

"Ni huyu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kwenda nje.

"Ndiye, Mama," Mzee akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Mbona iko na usingizi?"

"Mchana hulala, Mama."

"Hii uso naijua." Akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ni uso ya chifu yetu ya zamani, kule Kiambere. Hata hizi nyusi." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri analia. "Hiyo chifu alikuwa anaita watu kila wiki. Baraza! Baraza! Na hakuna mutu alikuwa anaenda."

Akamrudishia picha.

"Hata huyu ameita. Mimi siendi. Nipimie kilo, na uweke mifupa ya supu."

Mzee alikata nyama, akaweka mifupa kuliko alivyoombwa. Mama Mukami hakuweza kuvumilia zaidi. Alivuka barabara, eti anataka tu kuona hicho kinyago, akainama juu ya picha, akainuka kwa kishindo.

"Hiyo si slipa yangu?"

Ilikuwa hapo, chini ya kucha za bundi, bluu tupu, imetoka vizuri hata kisigino kilichoisha kinaonekana.

"Ni yako," Mzee akasema. "Kati ya nyinyi wawili ndiyo iliyotulia."

Kicheko kikawavusha barabara waliobaki kwenye nyanya. Na mtu wa Majimbo akishaingia ndani ya bucha kila mtu akimwona, hawezi kutoka mikono mitupu, ni aibu. Siku iliyofuata niliamka kwa maini ya Mama Mukami.

Wale wa kikundi cha simuni waliamini. Walimpongeza, wengine wakataka kuja Embu na mahema. Mmoja tu ndiye aliyeuliza kile kitu cha bluu ni nini, na Mzee akamjibu kwamba ni alama ya mahali. Mvua zilipoanza bundi aliondoka, hakuna aliyemwona akienda. Slipa bado iko.

Likizo hii ndipo nilipomwona mara ya mwisho. Nasoma bweni sasa, kidato cha nne, na Cucu yuko kwake Kiambere na mbuzi wote wawili, mama na yule mtoto aliyemgombania mpaka akarudishiwa. Mama alinituma nusu kilo. Foleni ilikuwa ndefu, na juu ya mizani bundi alikuwa ndani ya fremu ya kioo, amezungukwa na matawi yake matupu kama mfalme na watu wake. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume mgeni mtaani, mtu wa ofisi, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Alikuwa ameshaagiza kilo mbili. Akainua macho.

"Mzee, hii ni nini? Bundi? Kwa bucha? Mahali watu wananunua chakula?"

Akarudi nyuma hatua moja, akanikanyaga. Watu wawili kwenye foleni ambao nao walikuwa wageni wakatazamana. Sisi wengine tulingoja ile sauti. Hadithi hiyo Mzee ameisimulia mpaka mbuzi waliotundikwa wanaijua.

Alifungua mdomo. Kisha akaniona.

Akaufunga. Akaweka kidole kwenye midomo, kama nilivyoweka mimi chini ya saipresi, na kwa mkono mwingine akaninyooshea kisu.

Yule mtu akanigeukia. Foleni nzima ikanigeukia. Nilitafuta mahali pa kujificha, na hapakuwa na kitu ila ubavu wa ng'ombe. Mtu wa ofisi alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango.

"Ngoja," nikamwambia.

Mguu ukasimama. Nikaanza na slipa.